Manukato ya maua meupe: kutoka Bukavu mpaka ufukwe wa Uvira



Sokoni Mulongwe na Maendeleo, kati ya sabuni, mafuta ya kujipaka na bitenge, hazikosi chupa ndogo zenye picha ya ua jeupe. Muuzaji anakunyunyizia kidogo mkononi, unanusa mara moja, unatabasamu, na franka zinatoka mfukoni. Jioni ukifika nyumbani unajinusa tena na kushangaa: harufu uliyonunua haipo, na mahali pake kuna nyingine. Mwingine atasema ameibiwa. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Manukato ya maua meupe hayawezi kujulikana kwa pumzi moja. Yana asubuhi yake, mchana wake na jioni yake, na mama asiyejua hilo anatupa fedha ambayo ingenunua madaftari ya watoto.

Ili tuelewane, tusafiri pamoja. Tumchukue mama mmoja anayetoka Bukavu kuja Uvira siku ambayo barabara inapitika, amejipaka manukato kwenye kifundo cha mkono kabla ya kupanda gari. Tutayafuata njiani mpaka Kalundu, kisha tuulize yanatoka wapi na yanatufaa nini.

Kwa nini maua meupe yananukia sana

Kabla ya kuondoka, tutazame maua yenyewe. Asumini, mchungwa, mndimu, gadenia, mfranjipani na hata kahawa: yote haya yana maua meupe, na yote yananukia kuliko maua mengi mekundu au ya buluu. Kwa baadhi yake sababu iko usiku. Ua linalofunguka mchana huwaita nyuki na vipepeo kwa rangi. Linalofunguka jioni halina faida na rangi, maana gizani haionekani. Basi linajivika weupe unaoshika mwanga wa mwezi, na linatuma harufu mbali ili nondo walifuate. Ndiyo maana mfranjipani ulio uani unauona tu mchana, lakini saa 1 za jioni unausikia kabla hujafika kwenye mlango. Mfranjipani una hila pia: haumpi nondo asali yoyote. Anavutwa na harufu, anahangaika kutoka ua hadi ua akitafuta chakula, na katika kuhangaika kwake anabeba chavua.

Walioishi milimani wanajua pia harufu ya kahawa inapochanua. Baada ya mvua, shamba zima la kahawa la Idjwi au la Kabare linageuka jeupe kwa siku chache, na hewa inakuwa kama asumini. Si kudhani tu: maua hayo mawili yana baadhi ya vitu vya harufu vinavyofanana.

Lugha yetu ina hekima yake hapa. Tunasema kitu kinanuka, tukimaanisha kibaya. Tunasema kinanukia, tukimaanisha kizuri. Tofauti ni herufi moja tu. Ndani ya ua jeupe pia tofauti ni ndogo hivyo. Asumini ina kitu kiitwacho indoli, na indoli hiyohiyo imo katika kinyesi na katika vitu vinavyooza. Ikiwa nyingi, inanuka. Ikiwa kidogo sana, ikichanganyika na vitu vitamu vya ua, inalipa ua uhai, joto na uzito. Ua bila indoli ni kama mchuzi bila chumvi.

Basi watengenezaji wanaposema manukato yao ni ya maua meupe laini, kwa kawaida wanamaanisha hivi: wamepunguza indoli na ule utamu mzito unaoumiza kichwa, wameongeza hewa na ubichi wa majani, na chini yake wameweka kitu kama nguo safi au ngozi iliyooga. Ulaini haumaanishi kwamba manukato ni hafifu. Maana yake ni kwamba yanazungumza karibu, na anayeyasikia ni yule unayemkumbatia, siyo watu wote wa barabarani.

Asubuhi: Bukavu na Nyangezi

Sasa tuondoke. Bukavu iko mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake ni baridi. Mama amejipulizia, na mara ya kwanza anasikia alkoholi ikipanda puani. Hiyo inaondoka upesi. Baada yake zinakuja harufu nyepesi: ndimu, bergamoti ambayo ni ndugu yake, peasi, au majani yaliyokatwa sasa hivi. Hivi ni vitu vinavyoruka haraka, kama mvuke wa chai. Kazi yake ni kufungua mlango tu. Baada ya dakika 15 au 20 vimekwisha, na gari halijatoka bado mjini.

Hapa ndipo wengi tunapokosea sokoni. Tunanunua mlango, tukidhani tumenunua nyumba. Yule muuzaji anajua kwamba utanusa katika dakika ya kwanza, na mtengenezaji wa manukato ya bei ndogo anajua pia, kwa hiyo anaweka uzuri wote mbele. Nyuma hakuna kitu. Ushauri wa kwanza ni huu: jinyunyizie, mshukuru muuzaji, nenda ukanunue mboga na ndagala, na urudi baada ya saa moja. Kama bado unayapenda, zungumza bei.

Katika baridi ya Bukavu manukato hukaa kimya, karibu na ngozi. Mpaka Nyangezi mama anasikia kidogo tu. Asikate tamaa na asijiongezee. Joto liko mbele.

Mchana: Ngomo, Kamanyola na bonde la Ruzizi

Baada ya Nyangezi barabara ya kitaifa namba 5 inafika Ngomo, ile miteremko mikali ambayo hata dereva mzoefu anaishuka kwa heshima. Abiria wananyamaza. Wengine hupendelea kupita upande wa Rwanda na kuingia tena Kongo pale Kamanyola. Kwa njia yoyote, unaposhuka unaacha hewa ya mlimani na kuingia katika joto la bonde. Na palepale manukato yanaamka.

Jambo hili halina uchawi. Harufu ni chembe zinazoruka kutoka kwenye ngozi, na joto linazirusha. Manukato yaliyokuwa yananong'ona Bukavu yanaanza kusema wazi Kamanyola. Ndiyo maana chupa iliyosifiwa na dada yako wa Bukavu inaweza kukuchosha wewe wa Uvira, na chupa iliyo laini Uvira inaweza kuonekana haina kitu Bukavu. Anayetoka mlimani akija kwetu apunguze. Mpulizo mmoja unatosha pale alipozoea miwili.

Sasa tuko katika moyo wa manukato. Luvungi, Luberizi, Sange: nje ya dirisha kuna mpunga, mihogo iliyoanikwa kando ya barabara na harufu yake kali ya kuchachuka, ng'ombe, vumbi. Ndani ya gari, kwenye mkono wa mama, asumini na ua la mchungwa vinajifungua. Pengine kuna tuberosi, ua jeupe lenye harufu nzito kama maziwa matamu. Pengine kuna gadenia. Hapa lazima tuseme siri moja ya kazi hii: gadenia haitoi mafuta ya kutosha kwa biashara. Wala lile ua dogo la Ulaya lenye umbo la kengele, ambalo Wafaransa huliita muguet, halitoi. Harufu zao katika chupa zimejengwa na mtu, kipande kwa kipande, kutoka kwa vitu vingine. Edmond Roudnitska, mtengenezaji Mfaransa, alipanda muguet katika bustani yake ili ainuse na kuiga anachosikia, na kwa njia hiyo alitengeneza Diorissimo mwaka 1956. Ni mfano mzuri wa ua jeupe laini: ua lisilotoa hata tone lilipata sauti kwa kazi ya pua na subira.

Mwanamke naye hakukosa. Mwaka 1948 Germaine Cellier alitengeneza Fracas, manukato ya tuberosi ambayo hayana ulaini wowote. Yanaingia chumbani kabla ya mwenyewe. Wakati huo wanawake katika kazi hiyo walikuwa wachache sana. Tangu hapo maua meupe yana njia mbili: njia ya Cellier ya kujaza chumba, na njia ya kunong'ona. Hakuna iliyo mbaya. Lakini kwa joto la Uvira, katika teksi ya watu wanaobanana au kwenye benchi la kanisa, jirani atakushukuru ukichagua ya pili.

Kilichosaidia sana njia hiyo ya pili ni kitu cha maabara kiitwacho Hedione, kilichogunduliwa katika kampuni ya Firmenich huko Geneva. Ni sehemu ndogo ya harufu ya asumini: nyepesi, yenye hewa, bila uzito wa indoli. Roudnitska aliitumia katika Eau Sauvage mwaka 1966, na tangu hapo imeingia katika manukato mengi duniani. Ukisikia asumini inayofanana na hewa ya asubuhi kuliko chumba cha harusi, mara nyingi ndiyo hiyo.

Jioni: Kiliba, Kavimvira na mji wetu

Tunapita mashamba ya miwa ya Kiliba, tunafika Kavimvira, na upande wa kushoto ziwa linafunguka. Tumeshuka zaidi ya mita 700 tangu Bukavu, na saa kadhaa zimepita. Maua kwenye mkono wa mama yamechoka. Kilichobaki ni msingi: miski nyeupe yenye harufu ya nguo iliyofuliwa na kuanikwa juani, msandali, pengine vanila kidogo. Hii ndiyo harufu ambayo watoto watamkumbukia mama, kwa sababu ndiyo inayobaki kwenye kitenge na kwenye mto wa kulalia.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama chupa ni njema, uliza swali la jioni: baada ya saa 5 au 6 imebaki nini? Kama kimebaki kitu safi na kitamu, ulinunua kazi ya mtu aliyefikiri. Kama imebaki harufu ya plastiki au ya dawa ya kusafishia, au hakuna chochote, uzuri wote ulikuwa mlangoni. Tazama pia maandishi ya chupa. Eau de parfum kwa kawaida ina mafuta ya harufu mengi kuliko eau de toilette, nayo eau de toilette inazidi yale maji mepesi ya kunyunyizia mwili. Chupa ndogo ya kwanza inaweza kukaa muda mrefu kuliko chupa kubwa ya mwisho, hata kama kubwa inapendeza macho.

Na tufike mpaka Kalundu, bandarini, maana hapo ndipo somo linapokuwa gumu. Uvira ina harufu zake: maji ya ziwa, makala yanayowaka katika mbabula, mawese kwenye sufuria, na zaidi ya yote ndagala walioanikwa. Mama wengi wa mji huu wanalea nyumba zao kwa samaki. Wananunua kwa wavuvi alfajiri, wanaanika, wanauza, na jioni harufu iko mikononi, nyweleni na kwenye nguo. Baadhi yao wanaona haya. Wanaingia katika mkutano na kukaa nyuma, au wanajipulizia manukato mengi juu ya harufu ya samaki kabla ya kwenda shuleni kwa mtoto.

Dada zetu, tuseme kwa upendo: hilo halisaidii. Manukato hayafuti harufu, yanapanda juu yake tu. Na kwa kuwa ua jeupe lenyewe lina kile kidogo kinachoelekea kunuka, likikutana na samaki linaegemea upande huo. Kwanza maji, sabuni na ndimu mikononi na chini ya kucha, kisha suuza vizuri. Badili kitenge. Ndipo upake tone moja. Lakini zaidi ya hayo, tusiache mtu yeyote akae nyuma kwa sababu ya harufu ya kazi yake. Harufu ya ndagala katika mji huu ni harufu ya karo iliyolipwa. Manukato ni ya kujifurahisha baada ya kazi. Hayakutengenezwa ili kuficha kwamba umefanya kazi.

Baada ya mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, na baada ya maji ya ziwa kupanda na kuingia katika nyumba za ufukweni, familia nyingi zilijifunza harufu nyingine: matope yaliyokauka ndani ya godoro na ndani ya nguo za watoto. Aliyepitia hayo anajua kwamba siku ya kuvaa kitenge kilichofuliwa chenye harufu nzuri si siku ya anasa. Ni siku ya kusimama tena.

Maua haya yanatoka mikononi mwa nani

Sasa tuache mkono wa mama, tufuate chupa nyuma mpaka ilikotoka. Kiswahili tunachosema ufukweni hapa kilikuja na misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kupitia Ujiji katika karne ya 19. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, tayari njia za wafanyabiashara wa pwani zilikuwa zinajulikana ziwani. Maneno yetu ya harufu ni ya njia hiyo pia: asumini, miski, udi, na marashi ambayo hunyunyizwa kwa mrashi.

Pwani, ua jeupe halikungoja chupa. Unguja, Mombasa na Lamu wanawake hutunga asumini, huchanganya na rehani na mkilua, na kufunga kikuba cha kuweka kifuani au nyweleni. Kitanda cha bibi harusi hutandazwa asumini na langilangi. Kikuba hakihitaji alkoholi wala kiwanda. Joto la mwili wenyewe ndilo linalokifungua, na kesho yake kimekwisha. Ni manukato laini kabisa: yanasikika na anayekaribia, na hayadanganyi mtu kwamba yatadumu.

Langilangi inatupeleka Komoro, visiwa vilivyo kati ya wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Ua lenyewe huwa la manjano linapokomaa, lakini harufu yake ni ya ukoo wa maua meupe, na mwaka 1921 Ernest Beaux aliliweka pamoja na asumini na waridi katika Chanel No. 5. Wachumaji, wengi wao wanawake, huchuma asubuhi mapema. Maua huingizwa katika chombo cha kukenekea, na mvuke hupita kwa saa nyingi. Mafuta yanayotoka kwanza ndiyo bora na ya bei kubwa, yanayofuata hushuka daraja. Kilo moja ya mafuta inahitaji maua kilo 50 hivi. Na chombo hicho kinataka kuni nyingi, ndiyo maana milima ya kisiwa cha Nzwani imepoteza miti. Sisi tunaoitazama milima ya juu ya Uvira ikivuliwa miti kwa ajili ya makala tunaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Asumini ni ghali zaidi. Kilo moja ya maua ni maua karibu 8,000, yanachumwa moja moja kabla jua halijapanda. Ili kupata kilo moja ya kiini cha asumini, wanahitaji maua kilo 700 hivi. Piga hesabu: ni maua zaidi ya milioni 5. Basi chupa ya franka elfu chache iliyoandikwa asumini haiwezi kuwa na asumini ya shambani. Ni ya maabara. Hilo pekee si wizi, na ya maabara inaweza kuwa nzuri. Wizi ni kukutoza bei ya ua halisi.

Na hata pale ua ni halisi na chupa inauzwa kwa mamia ya dola, tuulize aliyechuma alipata nini. Sehemu kubwa ya asumini ya dunia hutoka Misri. Mwaka 2024 BBC ilionyesha watoto wakichuma usiku katika mashamba yaliyolisha wauzaji wa viungo wa kampuni kubwa za manukato. Ilimfuata mama mmoja aliyeamka saa 9 za usiku na watoto wake wanne. Walichuma kilo 1.5 usiku huo, na baada ya kumgawia mwenye shamba walibaki na dola 1.5 hivi. Mama anayesoma haya kando ya ziwa, ambaye mtoto wake amesinzia darasani kwa sababu alimsaidia kuanika samaki, hahitaji kuelezwa zaidi. Umaskini ndio unaomwamsha mtoto huyo. Lakini bei ya chupa inaonyesha kwamba fedha ipo, haimfikii tu anayeinama shambani.

Mtoto anayenyonya na ngozi yake

Hapa tunaomba kila mama asome taratibu. Mtoto mchanga humjua mama yake kwa harufu kabla hajamjua vizuri kwa macho. Harufu ya titi ndiyo inayomwongoza kunyonya. Kwa hiyo usipake manukato kifuani wala shingoni wakati unanyonyesha, hata yawe laini namna gani. Kama unataka kunukia siku ya sikukuu, weka tone kwenye pindo la kitenge, mbali na uso wa mtoto.

Mtoto mchanga mwenyewe asipakwe manukato, hata wageni wakisema anapendeza. Ngozi yake ni nyembamba na kifua chake ni kidogo. Maji safi na sabuni isiyo kali vinatosha. Katika nyumba yenye mtu wa pumu, usipulizie ndani ya chumba.

Kwa wakubwa: chupa mpya ijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku 1 au 2. Ikiwasha au ikitoa vipele, mpe pole franka zako na usiendelee. Manukato yenye bergamoti au ndimu usiyapake kwenye ngozi inayokwenda juani, maana baadhi ya vitu vya matunda hayo vikikutana na jua vinaweza kuunguza na kuacha madoa meusi. Paka sehemu iliyofunikwa na nguo. Na usijipulizie karibu na mbabula: alkoholi inashika moto upesi. Chupa ikae gizani, mahali pa baridi kidogo, siyo dirishani. Joto letu linaharibu manukato kama linavyoharibu maziwa, tofauti ni kwamba linachukua miezi.

Kwa vikundi vinavyotengeneza sabuni

Vikundi vingi vya akina mama hapa vinapika sabuni ya mawese, na swali linarudi kila mara: je, hatuwezi kuitia harufu ya maua yetu? Tunaweza kujaribu, lakini kwa kujua mambo matatu.

Kwanza, usitupe maua mabichi ndani ya mafuta na kuyaacha wiki nzima. Maua yana maji, na maji yataleta ukungu na uchachu. Zamani huko Grasse, Ufaransa, walitandaza asumini na tuberosi juu ya mafuta magumu yaliyopakwa kwenye kioo. Kila siku waliondoa maua yaliyochoka na kuweka mapya, mpaka mafuta yashibe harufu. Waliweza kwa sababu maua hayo mawili yanaendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Kikundi kinaweza kujaribu hivyo kwa sahani moja na franjipani, kikitumia mafuta meupe ya kokwa ya mchikichi, siyo mawese mekundu yenye harufu yake kali. Mkipata kitu, kitakuwa kidogo, cha kupaka nyumbani, siyo cha kuuza sokoni. Utomvu mweupe wa mfranjipani unawasha ngozi, basi acheni maua yakauke utomvu kwanza na mjaribu kwenye kiwiko.

Pili, soda ya kuchemshia sabuni ni adui wa ua jeupe. Inavunja sehemu tamu za harufu na kuibadilisha rangi. Ukitia manukato wakati soda bado kali, umeyamwaga. Sabuni ipoe na ikomae kwanza. Wengine huikuna iliyokwisha komaa, huilainisha kwa maji kidogo, ndipo hutia harufu na kuikandamiza tena.

Tatu, msiandike "asumini" kwenye sabuni isiyo na asumini. Andikeni "harufu ya maua". Mnunuzi wa Uvira akidanganywa mara moja, hatarudi, na atawaambia wengine kisimani.

Kabla ya kikundi kutoa fedha ya likelemba kununua chupa za mafuta ya harufu, nunueni moja ndogo kwa pamoja. Kila mama aipake siku moja, akaende nayo kazini, na alete jibu la asubuhi, la mchana na la jioni. Yule wa ndagala ajaribu, yule wa shambani ajaribu, yule anayekaa milimani na kushuka siku ya soko ajaribu. Mkikutana tena mtakuwa na elimu ambayo muuzaji hawezi kuwapa, na mtajua ni ipi inayostahili fedha yenu.